Mama Bunduki na Neno "Piga"

Mtaani kwetu Kyebando tulikuwa na mwanamke aliyetengeneza bunduki mchana kweupe, barazani kwake, huku akisalimiana na wapita njia. Msiniangalie hivyo. Zilikuwa za mbao. Lakini mgeni hakujua, na raha ya kukaa jirani naye ilikuwa kuwaona wageni wakigeuza njia ghafla walipomkuta amelaza bunduki mapajani, anaisugua kwa kitambaa, na kuwauliza kwa upole kabisa kama huko watokako mvua imenyesha.

Watu walimwita Mama Bunduki, nami nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake jingine alilitumia kanisani tu. Mimi nimetoka upande wa Kongo ya mashariki, nikaja Kampala nikiwa kijana, na riziki yangu ni Kiswahili: nawafundisha waigizaji waseme vizuri pale filamu au mchezo unapohitaji askari, kwa sababu huku Uganda askari wa kwenye hadithi asipofoka kwa Kiswahili hakuna anayemwamini. Kwa hiyo tulikutana kazini mara nyingi, mimi na maneno yangu, yeye na bunduki zake. Aliniita Mwalimu. Sina hakika kama ilikuwa heshima au dhihaka, na kwa kumjua, nadhani ilikuwa vyote viwili.

Nianze na mikono yake, kwa sababu ukiijua mikono umemjua nusu. Ilikuwa mikubwa, yenye makovu ya msumeno, na haikukaa bure. Siku za kutafuta vifaa alishuka Kisenyi, kwenye magereji, akawa anainama chini ya magari yaliyokufa na kutoka na kipande cha bomba akalitazama jua kupitia tundu lake. "Hii itakuwa mdomo," angesema, na fundi wa gereji angecheka, halafu angeacha kucheka alipoona jinsi anavyolipima bomba kwa vidole. Kitako alikichonga kwa mvule. Sehemu zilizovimba, kama ile magazini inayobeba risasi, alizifinyanga kwa magazeti ya zamani na uji wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, akaziacha juani mpaka zikawa ngumu kama mfupa. Mbao na karatasi hizo akazipaka rangi nyeusi, na mwisho, hapa ndipo palipokuwa na uchawi wake, alisaga risasi ya penseli ikawa unga, akausugua juu kwa kidole gumba. Ilikuwa inang'aa, jamani! Chuma kitupu! Ukiigonga ndipo unasikia ni mbao.

Filamu kubwa kuliko zote tulizofanya naye ilihusu gazeti. Ilikuwa hadithi ya enzi za utawala wa kijeshi, gazeti dogo la mjini linalokataa kunyamaza, mhariri wake, waandishi wake, na mpangaji herufi mmoja mzee anayepanga habari kwa herufi za risasi, moja moja, usiku na mchana. Meza za chumba cha habari zilipangwa vizuri na penseli zikachongwa. Siku ya pili penseli hakuna. Siku ya tatu zikaletwa nyingine, nazo zikatoweka. Mwongozaji, Muganda mmoja mwenye moyo mzuri na hasira za karibu, akapiga kelele kwamba katika kundi lake kuna mwizi. Tukamkuta Mama Bunduki nyuma ya jengo amezungukwa na maganda ya penseli, anasaga.

"Mama, hizo ni za waandishi!"

"Waandishi nasema tu, hapana andika," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi naona wao kutwa nzima. Bunduki yangu nataka kung'aa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kumbe alikuwa sahihi kwa kiasi fulani, waigizaji wale hawakuandika hata herufi. Mwongozaji akaagiza mafungu mawili ya penseli, la chumba cha habari na la jeshi.

Lakini msidhani alikuwa hakosei. Alikosea, tena kwa majivuno. Mikanda ya kubebea bunduki aliishona kwa mikanda ya viti vya magari kutoka hukohuko Kisenyi, na mmoja akausahau ukiwa na kile kibati chake cha kufungia. Katika picha za siku ya kwanza askari wa enzi hizo anaonekana amesimama kwa ukali mkubwa, na kifuani kinaning'inia kibati cha mkanda wa gari dogo. Alipoonyeshwa alisema kwamba askari wengine walikuwa hivyo. Nikamuuliza, wangapi? Akasema, "Wewe ulikuwa wapi?" Basi, mjadala ukafungwa. Kukubali kosa kwake kulikuwa kazi ngumu kuliko kuchonga mvule. Ila kesho yake kibati hakikuwepo, na aliyekitaja alitazamwa vibaya.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Mumewe alikuwa askari, wote wawili watu wa kaskazini, na Mama alikuwa amekaa kwenye nyumba za kambi miaka mingi akakiokota huko pamoja na kuni. Mimi niliwafundisha waigizaji "wekeni silaha chini", yeye akawapitia nyuma na kuwaambia, "Sema: weka chini! Kwisha!" Tuligombana juu ya hilo kama mke na mume. Nilimwambia kwamba lugha ina ngeli. Akaniambia kwamba askari mwenye ngeli hupigwa kabla hajamaliza sentensi. Wakati mwingine nilishinda mimi, wakati mwingine yeye, na filamu ina Kiswahili cha aina zote mbili, kama Kampala yenyewe.

Sasa niwaambie jambo lililokuwa chini ya yote hayo, kwa sababu bila hilo mtamwona kichekesho tu.

Mama Bunduki hakukubali kukaa chini ya paa moja na bunduki ya kweli. Hizo aliziita "zenye roho". Alinieleza sababu mara moja tu, tukiwa tunamenya ndizi barazani kwake, kwa sauti ileile ya kumenyea ndizi. Bunduki ya mumewe ilikuwa inakaa juu ya kabati. Siku moja ilianguka, ikalia yenyewe. Mdogo wake Mama, aliyekuja kumtembelea, alikuwa amekaa sakafuni anachambua mboga. "Hapana amka tena," alisema. Hakulia. Akanisogezea ndizi nyingine. Tangu hapo, hata mumewe alipokuwa hai, chuma kile kilibaki nje kwa jirani, na mume akaingia ndani kama raia.

Nilimuuliza kwa nini basi anatengeneza hizi za mbao, kwa nini asishone mashuka kama wajane wengine. Akaniambia watu watataka kuona bunduki kwenye picha siku zote, hakuna wa kuwazuia, na kama hakuna ya mbao wataleta ya roho. Hiyo ndiyo vita yake. Kila bunduki aliyochonga ilikuwa inachukua nafasi ya moja ya kweli, na aliihesabu kazi yake hivyo, kwa zile ambazo hazikuja.

Na mtu huyohuyo, mnasikia? Mtu huyohuyo alipenda filamu za vita kupita kiasi! Jumamosi alikwenda kwenye kibanda cha video kule Bukoto, akaketi mbele kabisa, na ukiwa barabarani ungesikia sauti yake ikiwashangilia majeshi ambayo hakujua hata yanapigania nini. Alirudi amekauka koo. Jumapili yuko kanisani, amefunga kitambaa cheupe, anaombea amani duniani, na kwa kweli aliiombea kwa moyo wote. Nilimtania kwamba Mungu atachanganyikiwa. Alisema Mungu anajua tofauti ya mbao na chuma, ni watu ndio hawajui.

Tena mlio alitoa kwa mdomo. Bunduki za mbao hazilii, kwa hiyo waigizaji walikuwa hawajui washtuke lini. Yeye alisimama pembeni, mikono kiunoni, akavuta pumzi na kutoa "Trrrra! Trrrra-ta-ta!" kwa nguvu hata njiwa wakaruka kwenye paa. Mtu wa sauti alikuwa anashika kichwa, maana ilimbidi aifute yote baadaye na kuweka mlio mwingine. Mwenyewe aliapa kwamba wa kwake ulikuwa mzuri zaidi. Mimi namuunga mkono.

Alikuwa na sheria moja ya kazini ambayo kila mtu aliicheka: neno "piga" limepigwa marufuku. Fikirini. Katika filamu ya gazeti tunapiga picha. Gazeti lenyewe linapigwa chapa. Mhariri anapiga simu. Mwandishi anapiga taipu. Na askari je? Anapiga risasi. Kiganda nacho hakisaidii, kwa sababu huko nako neno ni moja, kukuba, picha ni kukuba, simu ni kukuba, bunduki ni kukuba. Waliocheza askari walikuwa wengi wao wanaume waliowahi kuwa jeshini au polisi kweli, na mwili wa askari, alisema Mama, unasikia neno kabla ya kichwa. Kwa hiyo kamera "inawashwa", mtambo wa chapa "unazungushwa", mhariri "anaita" kwa simu. "Piga" ni neno la bunduki peke yake, na ni yeye tu atakayelisema. Mwongozaji akakubali kwa kumridhisha mama mtu mzima.

Ikaja siku ya tukio kubwa. Askari wanavamia chumba cha mtambo. Mpangaji herufi amesimama mbele ya meza yake, hataki kuondoka. Wanamwelekezea bunduki kifuani. Anainama chini ya meza, na hapo tu, akishafichika, ndipo askari wanainua bunduki na kupiga dari. Ndivyo ilivyoandikwa.

Asubuhi ile lori likaingia uani na masanduku. Mwongozaji alikuwa ameazima bunduki za kweli, na risasi za baruti tupu, zisizo na kichwa. Alitaka moshi, alitaka moto mdomoni, alitaka dari litikisike. Namwelewa. Hata mimi damu ilinichemka, si uongo, nilitaka kuona! Lakini baruti tupu ikitoka karibu na mtu inaunguza na kutoboa, na meza ya yule mzee ilikuwa mkono mmoja kutoka midomo ya bunduki.

Mama Bunduki alisimama mlangoni mwa chumba cha mtambo. Si kwamba alipiga kelele. Alishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Hiyo hapana ingia mahali mimi niko."

"Mama, tuna kibali, kila kitu kiko tayali," mwongozaji alisema, akibadilisha r na l kama Waganda wengi. "Kweri, hakuna hatali."

"Basi mimi nakwenda. Na bunduki yangu yote nakwenda."

Tulijua angefanya hivyo, na tulijua pia kwamba akiondoka hatarudi kwenye kazi ya mtu yeyote mjini, kwa kuwa habari za mtu mgumu husambaa haraka. Aliyecheza mpangaji herufi, bwana mmoja mtaratibu mwenye kikohozi, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hana haraka. Nami nikaingilia kati, si kwa ushujaa, bali kwa sababu sikuvumilia kuiona ile mikono yake mikubwa imeng'ang'ania miimo. Nikasema: tufanye jaribio moja na za mbao, masanduku yakae kwenye lori, kisha muamue. Mwongozaji akatazama saa, akatupa mkono hewani, akakubali.

Bunduki za Mama zilikuwa na kitu kimoja ambacho sijakisema: ndani ya kifyatulio alitia springi ya kalamu ya wino, ili mwigizaji akivuta asikie "tak" kidogo na uso wake ujue. Askari wakashika nafasi. Mtambo ukazungushwa, ukaanza kunguruma, karatasi zikapanda na kushuka, harufu ya wino kila mahali. Mlango ukapigwa teke. Jamani, nywele zilinisimama! Wakaingia kwa mbio, viatu vikilia, wakamzunguka mzee, midomo ya bunduki ikamgusa shati. Uso wa yule bwana ulikuwa mzuri ajabu, ulikuwa umekataa, na mwongozaji alipouona akasahau kila kitu. Alitaka usimponyoke. Akamrukia mtu wa kamera huku akinyoosha kidole, akapiga kelele kwa sauti yake yote:

"Piga! Piga! Piga!"

Tak.

Ilikuwa tak moja, ya wote kwa pamoja. Mzee alikuwa bado amesimama. Midomo ilikuwa bado kifuani mwake.

Mtambo uliendelea kunguruma kwa muda kabla mtu hajakumbuka kuuzima. Askari mmoja aliitazama bunduki yake, akaitazama tena, akaiweka chini polepole kama imemchoma. Mpangaji herufi alishika kifua, akakaa sakafuni, akaanza kucheka na kukohoa, na hatukujua kama analia. Mama Bunduki akawavaa wale askari.

"Nani nasema kwenu piga? Mimi nasema?"

"Afande amesema piga, Mama," mmoja akajibu akimwonyesha mwongozaji, mtu mzima na mvi zake, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani.

Mwongozaji aliketi juu ya bunda la karatasi akafunika uso. Alipoinuka alikwenda mwenyewe hadi kwenye lori akamwambia dereva arudishe masanduku. Kisha akarudi, akapiga magoti mbele ya Mama kama Waganda wanavyowasalimu wakubwa, na kweli wanaume siku hizi hawapigi magoti hivyo. Mama akamgusa bega, akamwambia ainuke, suruali inachafuka. Na tulilifanya lile tukio siku hiyohiyo, yeye akisimama pembeni na kutoa mlio kwa mdomo, "Trrrra-ta-ta!", na askari wakalipiga dari kwa hewa tupu, na vumbi likamwagwa kutoka juu kwa ungo. Nilipiga kelele za furaha mpaka nikafukuzwa chumbani.

Filamu ilipotoka ilipita kwenye majumba makubwa ya sinema, halafu, kama kila kitu kizuri, ikafika kwenye vibanda. Huko kuna vijei, yule anayesimulia kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji, na vijei wa kwetu alikuwa hodari wa kuongeza chumvi. Askari walipoingia kwenye chumba cha mtambo aliwaambia watazamaji kwamba hizo ni bunduki za kweli kabisa, na kwamba anayezitunza anaishi hapahapa Kyebando. Watu walilala chini ya mabenchi. Kibanda kilitikisika! Nilitoka nimelowa jasho, nimejaa fahari, na sikufikiri zaidi ya hapo.

Sasa niwape picha ya mwisho ya Mama niliyo nayo. Wakati huo magoti yalikuwa yamemsaliti, msumeno hauwezi tena, bunduki zote ameshaziuza kwa kundi la maigizo isipokuwa moja, ya mvule, ile iliyomgusa shati mpangaji herufi. Hiyo ilining'inia ukutani ndani, na ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Nilikwenda asubuhi kumjulia hali. Alikuwa amekaa kizingitini, jiko lake la sigiri mbele yake, mkaa umekwisha, anapepea majivu.

Polisi akafika. Mwenzake alibaki barabarani juu ya pikipiki. Huyu aliyekuja alikuwa kijana mrefu wa kaskazini kama Mama mwenyewe, bunduki begani, na alikuwa na wasiwasi kuliko sisi.

"Mama, habari ya asubuhi. Watu nasema hapa kuna silaha." Kisha akaona ukutani, kupitia mlango. Bunduki yake ikashuka begani ikaja mikononi. "Hakuna mtu nasogea!"

Sikusogea. Sikuweza hata nikitaka.

"Ni mbao," Mama alisema. "Ingia, angalia. Lakini wewe peke yako. Hiyo hapana ingia nyumba yangu."

"Mama, mimi niko kazini."

"Na mimi niko nyumbani."

Alimtazama yule kijana muda mrefu, akatazama ule mdomo wa chuma, na nikaona mikono yake ikiking'ang'ania kizingiti kama miimo siku ile. Nikasema moyoni, ameshindwa, leo itaingia. Akaniita bila kugeuka.

"Mwalimu. Nenda shusha. Polepole. Shika pale mdomo."

Nikaenda. Polisi akanifuata kwa macho hatua kwa hatua. Nikaileta nimeshika kama mtu anayeshika nyoka aliyekufa, nikamwekea mapajani. Aliipapasa mara moja tu, kitako chote, pale alipopasugua kwa unga wa penseli pakiwa bado panang'aa. Halafu akachukua panga la kuchanja kuni, akaiweka kwenye kizingiti, akaipasua. Mvule ule ulilia. Niliumia, nawaambia kweli, niliumia kama kinapasuliwa kitu changu, na nikasema "Mama, hapana!" kwa sauti, na yeye akapasua tena. Bomba akalitupa kando, vipande vya mbao akavitia kwenye sigiri, akapuliza, moto ukashika. Akateleka sufuria ya chai.

Polisi alisimama na bunduki yake mkononi, anatazama bunduki nyingine ikichemsha maji.

"Ya kwangu nakwisha kuwa chai," Mama alimwambia. "Ya kwako, je?"

Kijana alitazama barabarani, akatazama ndani ya ile nyumba, akatazama mikono ya yule mama. Kisha akageuka, akashuka hadi kwenye pikipiki, akamkabidhi mwenzake bunduki, wakasemezana kidogo. Akarudi. Akavua kofia, akainama kwenye mlango mfupi, akaingia mikono mitupu, na Mama akamsogezea kigoda akamwuliza kama anatumia sukari.